Kabla ya kungoja treni mpya, tazameni mabehewa yaliyolala yadi

Bwana Mhariri,

Nimekuwa fundi wa mabehewa tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na leo ninakaa Magongo, mahali ambapo bado nasikia honi za treni za mizigo zikipanda kutoka bandarini. Nakuandikia kuhusu treni ya abiria ya hapa Mombasa, ile ya kuunganisha stesheni ya mjini na Changamwe, Miritini na huko juu Mazeras. Kila inapozungumzwa habari hii, maneno huishia pale pale: reli ipo, abiria wapo, vyombo havitoshi. Injini ni chache, mabehewa ni machache, na Nairobi nako wanayataka hayo hayo. Kwa hiyo raia aambiwe asubiri treni mpya.

Mimi nasema asisubirishwe. Treni za badala zinaweza kupatikana, mradi watafutaji wajue wanatafuta nini, na waanzie hapa nyumbani kabla ya kuvuka bahari.

Wanaokaa kisiwani huenda wasihisi uzito wa jambo hili kama sisi wa bara. Tangu Madaraka Express izinduliwe tarehe 31 Mei 2017, msafiri anatoka Nairobi kwa saa chache, anafika Miritini, kisha anagundua kwamba bado hajafika Mombasa. Anashuka na mabegi, watoto wamelala mabegani, na nje anakutana na nauli iliyopandishwa kwa sababu treni imeingia. Huyo ni mgeni wa siku moja. Sasa mfikirie kijana wa Mikindani ambaye zamu yake Kilindini inaanza saa moja asubuhi. Lazima atoke nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, kwani malori ya makontena yakishajipanga pale raundabauti ya Changamwe hakuna matatu itakayopenya. Na mama anayeshuka na mboga kutoka Mazeras kuja Marikiti, kila dakika anayokaa kwenye foleni juani mchicha wake unanyauka. Watu hawa wote wanapita kando ya reli. Wanaiona kila siku. Haiwabebi, au inawabeba kwa kubahatisha.

Nianze na jambo ambalo husahauliwa na watu wanaopenda kusema, “Si wanunue treni tu!” Treni si kanzu ya kuazima, kwamba ikikupwaya utaivaa hivyo hivyo. Reli yetu ya zamani, ile iliyoanza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, upana wake ni milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya SGR, ile mpya inayopita Madaraka Express, ni milimita 1,435. Behewa la SGR haliwezi kuja mjini kwa reli ya zamani hata uliombee dua. Na si lazima tofauti iwe kubwa hivyo ndipo chombo kikatae. Tazama Dar es Salaam. Mwaka 2012, Dkt. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianzishwa treni za abiria wa jijini pande mbili: moja ya TRL, kampuni ya reli ya Tanzania wakati huo, kati ya Ubungo na Stesheni, nyingine ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Reli ya TRL ni ya milimita 1,000 kama yetu. Ya TAZARA ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana usiozidi kiganja. Lakini mji ni mmoja, abiria ni wale wale, na behewa moja la upande huu haliwezi kuokoa jahazi upande ule.

Kwa hiyo anayetafuta treni ya badala kwa ajili ya Mombasa amepunguziwa uwanja kabla hata hajaanza. Hawezi kwenda kwa kila muuzaji. Lazima aende kwenye reli za mita moja, na hizo duniani ni chache zenye treni za abiria za kuuzwa.

Ndiyo maana sikuungana na waliopiga kelele Nairobi ilipoletewa treni za mitumba kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, zikazinduliwa Novemba 2020. Zilikuwa 11, za dizeli, zimeundwa na kampuni ya CAF miaka ya 1990. Bei ijadiliwe, hiyo ni haki ya mlipa kodi. Ila kwa jicho la fundi, chaguo lile lilikuwa na akili. Mallorca walikuwa wameingiza umeme kwenye njia zao, kwa hiyo treni za dizeli zikakosa kazi zikiwa bado na nguvu. Reli ya kule ni ya mita moja, hivyo magurudumu yalikuwa saizi yetu tayari. Tena zina kibanda cha dereva kila upande: ikifika mwisho wa njia, dereva anatembea hadi upande wa pili, anawasha, anarudi. Hakuna kushanti, hakuna kukata injini na kuizungusha. Kwa safari fupi kama zetu hilo ni jambo kubwa, nami nitalirudia hapo mbele.

Tatizo la mtumba wa aina hiyo huja baadaye. Gari la moshi likishavuka bahari, muuzaji amemaliza shughuli yake, wewe ndiyo kwanza unaanza. Kipuri kinaagizwa mbali. Michoro imeandikwa kwa Kihispania. Kifaa cha kupima kasoro kwenye injini kinataka programu ambayo mafundi wetu hawakuwahi kuiona. Na chombo cha miaka ya 1990 kina vipuri ambavyo kiwanda kimeacha kuvitengeneza. Treni moja ikifa, inageuzwa duka la vipuri la zile nyingine: leo wanaitoa pampu, kesho jenereta, keshokutwa milango. Nimeona yadi yenye vyombo vilivyokufa kwa njia hiyo, na kila kimoja kilikufa kwa kukosa kitu kidogo.

Uingereza, ambako reli ilizaliwa, wamepitia haya haya hivi karibuni, nami nimeyafuatilia kwa karibu. Ipo njia ndogo ya kati ya Bletchley na Bedford. Mwaka 2019 walileta treni zilizotokana na mabehewa makuukuu ya njia ya District ya London, yale ya chini ya ardhi, yakatolewa mitambo ya umeme na kutiwa injini za dizeli. Wazo zuri: bodi ya mabehewa ilikuwa imara, gharama ilikuwa nafuu. Lakini matengenezo yote yalikuwa mikononi mwa kampuni moja ndogo, Vivarail, ile ile iliyozigeuza. Kampuni ilipofilisika mwishoni mwa 2022, treni zilisimama. Hazikuwa zimeanguka wala kuungua. Zilisimama kwa sababu aliyejua kuzitunza hakuwapo tena. Abiria walipandishwa mabasi karibu mwaka mzima, hadi zilipopatikana treni nyingine za zamani, za miaka ya 1980, ambazo zilikuwa na mafundi na vipuri tele nchini. Chuma kikuukuu kinachojulikana kilifanya kazi pale ambapo ubunifu mpya ulikwama.

Mfano wa pili nauhusudu zaidi, maana pale watu walitenda kwa uwazi. Ni njia ya Gospel Oak hadi Barking, London. Treni mpya za umeme zilichelewa kwa sababu ya matatizo ya programu za kompyuta. Huku nyuma, treni zao za dizeli zilikuwa zimeahidiwa eneo jingine na siku ya kuziachia ilikuwa imefika. Walifanya nini? Walichukua treni chache za umeme kutoka njia zao wenyewe, zilizokuwa na mabehewa matano, wakaondoa behewa moja moja zikabaki manne ili zitoshee, wakazileta. Hazikutosha kuendesha ratiba ya zamani ya kila dakika 15. Basi mwezi Machi 2019 wakatangaza kwamba treni itakuja kila nusu saa, mpaka zile mpya zilipoanza kuingia mwezi Mei. Na baadaye mwaka huo huo, abiria wa njia ile walipewa mwezi mmoja wa kusafiri bila nauli. Abiria aliambiwa ukweli, akapanga maisha yake juu ya ukweli huo.

Sisi tuna nini hapa? Tuna mabehewa. Treni ya usiku ya zamani ya Nairobi na Mombasa ilisimamishwa mwaka 2017, na mabehewa ya mita moja hayakuyeyuka. Tumeona ushahidi: Desemba 2020 treni ya Nanyuki ilirudi baada ya reli ile kufufuliwa, vijana wa NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa, na wanajeshi wetu wakishirikiana na shirika la reli. Desemba 2021 ikarudi ya Kisumu. Mabehewa yaliyobeba abiria hao yalikuwa ya zamani, yamekarabatiwa. Hatukumpigia mtu magoti Ulaya. Kama Nanyuki imewezekana, na Kisumu imewezekana, Mombasa iliyo mlango wa reli yenyewe inashindwaje?

Hapa naomba Mhariri unipe nafasi nieleze kazi yenyewe, maana wanaoamua mara nyingi hawajawahi kulala chali chini ya behewa.

Behewa la kulala, lile la vyumba vya daraja la kwanza na la pili, liachwe. Korido yake ni nyembamba, watu watakanyagana. Linalotakiwa ni la daraja la tatu, la viti vya benchi. Kwanza litazamwe chini, si juu. Rangi na viti ni mambo ya mwisho. Kwa hewa yetu ya chumvi, kutu huanzia mahali maji yanapotuama: chini ya choo, kwenye vizingiti vya milango, na kwenye pembe za fremu pale bodi inapokalia chuma kikuu. Chukua nyundo, gonga. Chuma kizima kinajibu, chuma kilicholiwa kinakohoa. Magurudumu nayo hugongwa vivyo hivyo, moja baada ya jingine, na sikio la fundi aliyezoea linasikia ufa kabla jicho halijauona. Kisha flenji, ule ukingo wa gurudumu unaolishika kwenye reli: ukiwa umelika na kuwa mwembamba kupita kipimo, gurudumu lichongwe upya au libadilishwe. Baadaye ekseli na beringi zake, springi za bogi, ile fremu inayobeba magurudumu, kapulingi za kuungia mabehewa, na mabomba ya breki kutoka mwanzo wa behewa hadi mwisho. Behewa la breki za upepo na behewa la breki za vakyumu haviungwi pamoja na kuitwa treni. Hili si la kuchezea. Hapa hakuna “itakwenda tu”.

Likishapita huko chini, ndipo tuje ndani. Behewa la safari ndefu lina milango miwili myembamba miishoni, kwa sababu lilitengenezewa watu wanaopanda mara moja na kushuka kesho yake. Treni ya mjini inasimama kila baada ya dakika chache. Watu hamsini wakisubiri kushuka kwa mlango mmoja pale Changamwe, ratiba imekufa. Dawa yake ni kung’oa mabenchi yaliyo karibu na milango, nafasi iwe wazi, tuweke vyuma vya kushika vya kusimamia, na mama mwenye kapu apate pa kuliweka. Madirisha yafunguke. Kwa joto la Mombasa na safari isiyofika hata saa moja, dirisha linalofunguka lina faida kuliko kiyoyozi kinachoharibika wiki ya pili. Vyoo vifungwe kwa safari hizi fupi, na matangi yake ya maji yashushwe, uzito upungue na kutu ikome.

Ngazi pia. Mzee mwenye goti bovu kama mimi hapandi behewa la zamani pasipo na jukwaa. Pale ambapo jukwaa limezama au halipo, litengenezwe hata la vyuma na mbao za muda. Kazi hiyo mafundi wetu wa Jomvu wanaiweza.

Injini ndiyo kikwazo cha kweli, sitalificha hilo. Injini kubwa zinavuta mizigo na mizigo ndiyo inayoleta pesa. Lakini treni ya mabehewa manne au matano kati ya mjini na Miritini haihitaji kichwa cha kuvuta makontena hadi Nairobi. Injini ya kushanti, ile ndogo ya kupangia mabehewa yadini, iliyo katika hali nzuri, iliyopimwa na kuruhusiwa kwa mwendo wa njia kuu, inaweza kuvuta mzigo huo kwa mwendo wa pole. Kupanda hadi Mazeras ni suala jingine, mlima ule unataka nguvu, kwa hiyo Mazeras ingoje awamu ya pili. Na kama zinapatikana injini mbili ndogo, wekeni moja kila upande wa treni. Hapo tunapata faida ile ile ya zile za Mallorca: hakuna kukata na kuzungusha mwisho wa njia. Kushanti stesheni ya mjini na kushanti tena Miritini kunakula muda ambao ungetosha safari nyingine nzima asubuhi.

Sasa jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote niliyosema. Tafadhali, msipange ratiba kwa kutumia kila chombo mlicho nacho. Tuseme kwenda na kurudi, pamoja na kupakia, kushusha na kupishana na treni za mizigo, kunachukua saa mbili. Treni moja itakupa safari kila baada ya saa mbili. Mbili zitakupa kila saa. Basi ukitaka kuahidi watu treni ya kila saa, uwe nazo tatu, si mbili, na hiyo ya tatu isimame yadi imeoshwa, imepimwa, breki zimejazwa, ikingoja mwenzake aumwe. Ukiwa nazo mbili tu, ahidi treni ya kila saa mbili na uitimize. Najua wanasiasa hawapendi kuona chombo kizima kimesimama, wanauliza kwa nini hakifanyi kazi. Kazi yake ni hiyo ya kusimama. Abiria wa Mombasa hatazoea treni kwa sababu ni mpya au ina rangi nzuri. Ataizoea akijua ile ya saa kumi na mbili kasorobo itakuwapo Jumatatu, itakuwapo Alhamisi, itakuwapo mvua ikinyesha. Ikikosekana mara mbili, anarudi kwenye matatu na hutamrudisha tena.

Na siku vyote vikishindikana, kwa kuwa chuma ni chuma, pawe na makubaliano ya mapema na vyama vya matatu vya Miritini na Magongo kwamba tikiti ya treni inapokewa garini, shirika lilipe baadaye. Abiria asiachwe jukwaani ameshika karatasi.

Majirani nao wasisahauliwe. Uganda ni mita moja kama sisi, na Kampala ilianza treni yake ya abiria hadi Namanve mwaka 2015. Reli ya kati ya zamani ya Tanzania ni mita moja pia. Nchi hizi tatu zilikuwa na shirika moja la reli hadi mwaka 1977, na hadi leo mafundi wa pande zote wanazungumza lugha moja, ya Kiswahili na ya spana. Kukodishana mabehewa kwa miezi sita, kununua vipuri kwa pamoja, kubadilishana mafundi wiki chache, haya hayataki mkopo wa kigeni. Yanataka wakurugenzi watatu wakae meza moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohusika ni mambo ya kutendeka. Watangaze hadharani ni mabehewa mangapi ya abiria ya mita moja yamesimama, yako yadi gani, na kila moja lina ugonjwa gani. Orodha hiyo ikitoka, tutajua kama tatizo ni chuma au ni uamuzi. Wachague yaliyo mazima kuliko mengine, karakana ipewe bajeti ya magurudumu na breki kabla ya bajeti ya rangi, na vijana wa vyuo vya ufundi vya hapa Mombasa waingizwe kwenye kazi hiyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu sisi tunaojua mlio wa gurudumu zima tunazidi kupungua. Na hata kama treni mpya zitanunuliwa, mkataba wake uandikwe pamoja na vipuri vya miaka kadhaa, michoro yote, na mafunzo kwa mafundi wetu, la sivyo tutaandikiana barua hizi tena.

Wapo wastaafu wenzangu hapa Changamwe na Mikindani: mafundi, gadi, madereva. Nimezungumza nao. Tuko tayari kuja kuyapima mabehewa hayo pamoja na vijana, bila malipo, nyundo zetu tunazo. Tunachohitaji ni barua ya ruhusa ya kuingia yadi na mtu wa kutufungulia geti.

Fundi mstaafu wa mabehewa,
Magongo, Mombasa